Bati la Paja la Kushoto

Watu wa Olszanka wakikutajia Irek Wrona hawataanza na habari za kupigana ndani ya chuma. Watakwambia ni yule fundi bati aliyeezeka upya paa la kanisa, mrefu, mkimya, mwenye masikio mekundu, asiyefika kwa saa aliyoahidi lakini akishafika kazi yake haivuji. Yote ni kweli. Mimi nitaongeza moja ambalo wengi hawalijui. Kwa miezi mitatu na siku kadhaa mtu huyu alimdanganya dada yake wa pekee, kwa neno moja tu, na neno hilo alilisema kwa upole huku amemshika mkono.

Baba yao, mzee Alojzy, alikuwa fundi bati pia, na karakana ni ile ile iliyo nyuma ya nyumba, yenye dirisha moja linalotazama bustani ya kabichi. Majira ya baridi kazi zilipopungua, mzee aliwakalisha watoto wake wawili kwenye benchi, Irek na mdogo wake Bogna, akawawekea mbele kipande cha bati kilichogongwa. Hapa amepiga nani, aliwauliza. Mkono wa kulia au wa kushoto? Alikuwa na haraka, au amechoka, au amekasirika? Aliyepatia alipewa peremende. Bogna ndiye aliyezila peremende nyingi. Irek alijua kugonga, Bogna alijua kusoma, na hadi leo ukimpa sufuria iliyobonyea atakwambia kama ilianguka yenyewe au kuna mtu aliitupa.

Hakurithi nyundo, kwa sababu siku zile hakuna aliyewaza kumpa binti nyundo. Alikwenda kupika katika shule ya chekechea, akaolewa na Gerard Pestka, dereva wa gari la mkate, mtu mnene, mwenye kelele, anayejua majina ya mbwa wote kati ya kwetu na mji wa wilaya. Hawakujaliwa watoto. Irek hakuoa. Kila Jumapili baada ya misa wote watatu walikula pamoja kwa Bogna, mchuzi wa kuku na tambi kwanza, kisha nyama na viazi, na Gerard ndiye aliyezungumza.

Irek aliingia kwenye mavazi ya chuma akiwa na miaka thelathini na mmoja, na aliingilia mlango wa kazi. Wit Soból, fundi magari, alikuwa ameanzisha kundi la kupigana kama mashujaa wa zama zile za ngome, akaliita Nguruwe Mwitu. Siku moja alileta karakanani bamba la kifua lililopinda ili linyooshwe. Irek alilitazama, akazitazama ribiti zake, ile misumari iliyopondwa kuunganisha mabamba, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hata ndoo ya kunyweshea ng'ombe inastahili ribiti nzuri kuliko hizo. Akatengeneza jipya. Halafu, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye kiburi, akataka kujua linakaaje mwilini, akalivaa. Hakulivua kwa miaka kumi na minne.

Wapo wanaouita mchezo huu maigizo. Mimi huwaambia waje wapigwe shoka la kilo mbili kisogoni, kisha warudi tuzungumze. Makali ya silaha yamefutwa, ndiyo, lakini chuma ni chuma. Ndani unavaa koti nene la pamba lililoshonwa kama godoro, juu yake kilo ishirini na nane za mabamba, na kichwani kofia ya chuma yenye ufa mwembamba wa kuonea. Huoni miguu yako. Husikii ila pumzi yako mwenyewe na kishindo cha wenzako. Jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta. Ukitoka humo unanuka kama gunia lililosahaulika kwenye mvua, na unacheka bila sababu, na mwezi ujao unarudi.

Irek ndiye aliyemvuta Gerard kundini, na ndiye aliyemtengenezea mavazi yake yote, kuanzia kofia mpaka viatu. Bogna alipinga kidogo. Gerard akamwambia kwamba shemeji yake amemvika chuma cha milimita mbili, hivyo yuko salama kuliko akiwa barabarani na mikate. Bogna akaliangalia bamba la kifua upande wa ndani, akapitisha kidole kwenye alama za nyundo ya kaka yake, akaridhika.

Kanuni zao si ngumu. Wanaingia watano kwa watano ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio wa mbao. Hakuna kuhesabu mapigo. Unamwangusha mwenzako, basi. Mtu akigusa ardhi kwa goti, mkono au mgongo, ametoka, na wao humwita maiti. Na maiti hasogei. Analala pale pale alipoangukia mpaka raundi iishe, hata kama waliobaki wanamkanyaga, kwa sababu akijaribu kuinuka atamkwaza aliye hai na timu yake itaadhibiwa. Ila ipo ruhusa moja. Mtu aliyelala akiona mambo yameharibika kweli, yake au ya jirani yake, anainua mkono wima juu, na refa anasimamisha kila kitu papo hapo.

Kulala hivyo kunachosha roho, na Gerard hakuwahi kuweza kukaa kimya. Kila walipoanguka karibu, alinyoosha ngumi yake yenye glavu ya chuma na kumgongea Irek popote alipofika, mgongoni au mguuni, mdundo wa ngoma ya harusi za kwao. Irek alimjibu mara mbili, taratibu. Maana yake: nimekusikia, lala. Walifanya hivyo miaka yote, na Bogna aliijua habari hiyo kwa sababu Gerard aliisimulia mezani kila Jumapili ya pili, akigonga kijiko kwenye sahani.

Sasa sikiliza kilichotokea miaka mitatu kabla ya ile siku yenyewe. Nguruwe Mwitu walifika fainali katika mashindano ya mkoa, kitu ambacho hawakukiota. Katika raundi ya mwisho Gerard alianguka, na Irek akaanguka kando yake, na Gerard akaanza kuguna. Alikuwa anaguna kweli, mguno wa mtu anayeumia. Irek hakufikiri, aliinua mkono. Refa akasimamisha pambano wakati Wit amemkaba mpinzani wa mwisho shingoni na alikuwa bado kidogo tu kumlaza. Daktari akakimbia. Kumbe ni msuli wa mguu wa Gerard uliokaza. Raundi ikarudiwa, wakashindwa.

Hawakumpiga Irek, lakini walimpa jina. Wakamwita Yaya. Wit alimwita Yaya, mwuza bia akamwita Yaya, na aliyelitumia zaidi ni Gerard mwenyewe, ambaye alimnunulia kijaluba cha poda ya watoto na kumkabidhi mbele ya kundi zima.

"Shem, siku nyingine nikilia, niache nilie," alimwambia. "Kwanza kombe. Mimi utanibembeleza baadaye."

Wote walicheka, Irek naye akacheka. Lakini yeye ni mtu wa kuhifadhi mambo. Hakupenda lile jina, na kwa miaka mitatu hakuinua mkono tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Julai, chini ya ngome ya matofali mekundu, joto la nyuzi thelathini na nne. Korongo walikuwa wamesimama shambani midomo wazi. Gerard alikuwa amepeleka mikate tangu alfajiri na alichokula ni kipande kimoja tu chenye mafuta ya nguruwe na tango. Irek alipokuwa akimfunga mikanda, Gerard alisema kifua kinambana. Irek akatazama mkanda wa bamba la kifua, akaona umekaza, akaulegeza tundu moja.

"Sasa je?"

"Sasa afadhali," Gerard alisema. "Nimenenepa, dada yako ananilisha kama ananiuza."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Irek aliyasikia kutoka kwake.

Wakaingia uwanjani. Raundi ilianza vizuri na kuharibika upesi. Watu wawili wa timu ya pili walimwendea Gerard kwa pamoja, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio, akaanguka kifudifudi, na mmoja wao akaanguka naye na kuubana mkono wake wa kulia chini ya mwili wake mzito. Irek alikuja kusaidia, akapigwa teke nyuma ya goti, akalala chali kando yao. Kutoka pale aliona anga jeupe kupitia ufa wa kofia, na vumbi, na nusu ya ubao wa uzio. Alijua Gerard yuko kushotoni kwake kwa sababu alimsikia akihema.

Kisha kukaja kugongwa. Paja la kushoto, kwenye bamba. Gerard alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ule uliokuwa huru, na kwa vile alilala kifudifudi mkono huo haukuweza kuinuka, ulifika mpaka hapo tu. Irek alitabasamu ndani ya kofia. Akajibu mara mbili. Nimekusikia, lala.

Likagongwa tena, bila ule mdundo wa harusi. Irek aliona hilo. Tusimwonee, lakini tusimfiche pia: aliona kwamba mdundo haupo. Akawaza kwamba Gerard amechoka, au anamfanyia mzaha, anataka Yaya ainue mkono ili leo jioni kundi zima lipate la kucheka. Uwanjani walikuwa wamebaki wawili tu, Wit na mpinzani mmoja, wameng'ang'aniana kwenye uzio kama walevi wawili wanaosindikizana, na Wit alikuwa na nguvu zaidi. Mkono wa kulia wa Irek ulikuwa huru kabisa, umelala kwenye nyasi. Paja likagongwa tena, kwa nguvu. Akajibu tena, mara mbili.

Baada ya hapo hakukugongwa tena. Irek akajiambia, sawa, ametulia. Akaendelea kulala, dakika mbili, labda tatu, mpaka mpinzani alipoanguka na filimbi ikalia na watu wakashangilia.

Walishinda. Maiti wote wakaanza kuinuka, wakivutana mikono. Yule aliyemlalia Gerard alijiviringisha pembeni akacheka. Mtu mmoja nje ya uzio akaita kwamba Gerard aamke, bia inapata moto. Irek akampiga begani, akampindua, akainua kifuniko cha uso. Midomo ilikuwa na rangi ya risasi. Ukanda wa kidevuni ulikuwa umelowa jasho ukavimba, bizimu haikufunguka, na Irek, aliyeishona kwa mkono wake mwenyewe, aliivuta bure mpaka Wit akaleta kisu akaukata ukanda. Wauguzi walimhangaikia kwenye nyasi kwa muda mrefu, watu wote wamesimama wakiwa bado na chuma mwilini. Halafu wakaacha.

Daktari alisema ni moyo. Refa aliandika kwamba marehemu alipoteza fahamu papo hapo alipoanguka, kwa kuwa hakuinua mkono. Mkono wake wa kulia ulibanwa, lakini hilo halikuandikwa. Hakuna aliyeulizwa zaidi, na Irek hakusema zaidi.

Kwenye mazishi Nguruwe Mwitu walikuja na suti nyeusi na juu yake mabamba ya kifua, wakasimama mistari miwili kaburini. Jeneza liliposhushwa, kila mmoja aligonga kifua chake kwa ngumi, mara tatu, kama walivyozoea kumuaga mwenzao. Sauti ilikwenda mpaka barabarani. Irek peke yake hakugonga. Bogna alimwona.

Baadaye katika chakula cha msiba, ukumbini kwa zimamoto, Wit alimweleza Bogna kwamba mumewe hakujua kitu, alianguka tu ikawa ndiyo basi, kama taa inavyozimwa. Bogna akamgeukia kaka yake.

"Wewe ulikuwa kando yake," alisema. "Hakuteseka, kaka?"

Irek alimshika mkono. "Hakuteseka," akasema.

Na hilo ndilo neno nililowaambia.

Bogna alilishika neno hilo na kwenda nalo kila mahali. Aliwaambia wanawake wa dukani, akamwambia padri, akawaambia wapishi wenzake: hakuteseka, kaka yangu alikuwa palepale, hakuteseka. Alilala kwa neno hilo. Alipolirudia mezani siku za Jumapili, mbele ya kiti kitupu, Irek alijaza mdomo viazi ili asihitaji kuitikia.

Mwezi wa Agosti alitandaza mavazi yake benchini ayasafishe. Alikuwa ameshaamua kutopigana tena, lakini chuma kikiachwa na jasho kinaoza, na hilo hakuweza kulivumilia hata kwa kitu anachokichukia. Alisugua mikono, akasugua miguu, akafika kwenye bamba la paja la kushoto, akakaa.

Vibonyeo vilikuwa pale. Vilikaa pamoja juu kidogo ya goti, vidogo, vya mviringo, kila kimoja na mkwaruzo wa pembeni, kwa sababu ribiti ya glavu ya Gerard kwenye kidole cha kati ilikuwa imechomoza na Irek alikuwa anaahirisha kuisawazisha tangu Pasaka. Vya kwanza vilikuwa vyepesi, vimepangana kwa mdundo, ungeweza karibu kuimba juu yake. Vilivyofuata vilikuwa vizito na vimetawanyika. Cha mwisho kilizama kuliko vyote na mkwaruzo wake ulikuwa mrefu, ukiteremka, kama wa mkono ulioshuka bila mwenyewe kuushusha.

Mtu yeyote mwingine angeona bati chakavu. Irek alisoma kila kitu. Kuvinyoosha vibonyeo vile ni kazi ya robo saa, nyundo ya mti, kigingi, kisha msasa. Aliinua nyundo mara nne kwa siku nne tofauti, na mara zote nne aliirudisha mahali pake. Tusimpambe kwa kusema alikuwa analinda ukweli, maana hakuwa analinda chochote. Hakuweza tu kuupiga mkono wa Gerard. Akalitundika bamba ukutani, uso wake ukutani, nyuma ya mikasi ya bati.

Akaanza kukonda. Kazi aliifanya, tena nyingi, ila alishuka kwenye paa kila mtu alipogonga msumari karibu naye, akaenda kusimama nyuma ya gari. Wit alimjia na habari kwamba kundi litaandaa mashindano ya kumkumbuka Gerard, na wanataka Irek aongoze mstari. Irek alimwambia atafute mtu mwingine. Wit akamwambia kwamba watu watashangaa. Irek akasema washangae.

Oktoba ikafika na ukungu wake. Kwetu, Siku ya Watakatifu Wote kila kaburi lazima liwe na taa, na Bogna alisema hataki zile taa za kioo za dukani zinazopasuka kwa baridi. Alitaka taa ya bati, kama zile alizotengeneza baba yao, yenye vidirisha vinne na kifuniko cha koni. Irek aliifanya kwa wiki nzima, akaifanya vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya. Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, Bogna alikuja kuichukua. Alikuja mapema kuliko walivyokubaliana. Irek alikuwa uani akichota maji.

Alipoingia na ndoo alimkuta dada yake amesimama dirishani, taa iko mezani imesahauliwa. Alikuwa akitafuta gazeti la kuifungia, akasogeza mikasi ukutani, bamba likageuka. Alikuwa amelishika mbele ya mwanga na kulielekeza huku na huku, jinsi mzee Alojzy alivyowafundisha.

"Hili si shoka," Bogna alisema bila kugeuka.

Irek aliweka ndoo chini.

"Ni ngumi. Mkono wa kushoto, kutoka chini. Mtu amelala." Akapitisha kidole. "Na hii ribiti naijua. Ilinichana soksi zangu kwenye kikapu cha nguo. Nilimwambia akuletee uisawazishe."

"Aliniletea," Irek alisema. "Nilikuwa sijaifanya."

Bogna alirudi kwenye vile vya mwanzo, vile vyepesi. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na Irek akatambua kwamba anaufuata mdundo. Kisha midomo ikasimama, kwa sababu mdundo ulikuwa umekwisha. Alikaa na vile vingine muda mrefu. Cha mwisho alikiwekea fundo la kidole chake mwenyewe, likaingia.

"Hapa hachezi," alisema.

"Hachezi."

"Nawe ulijua hachezi?"

Irek alitaka kusema juu ya joto, na jina la Yaya, na kombe, na Wit na yule mwingine kwenye uzio. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa mdomoni tayari, miezi mitatu yalikuwa yamekaa hapo. Akayaona yalivyo madogo.

"Sikutaka kujua," alisema.

"Ukafanya nini?"

"Nilimjibu. Nilimgongea mara mbili, kama siku zote."

"Mkono hukuinua."

"Sikuinua."

Bogna aliliweka bamba mezani polepole, kana kwamba lina moto. Hakupiga kelele wala hakulia. Irek angekuwa radhi kupoteza mkono mmoja ili dada yake ampige, amtukane, amtupie ile taa. Bogna alisimama tu akilitazama lile bati, na aliposema alisema kama mtu anayemaliza hesabu aliyoianza peke yake.

"Basi alijua umemsikia."

Akatandaza gazeti. Akaifunga taa ndani yake, akafunga na bamba la paja katika gazeti la pili, akavitia vyote kwenye kikapu cha baiskeli. Irek alimshikia mlango. Alimwambia kwamba atakuja kesho na ndoo na brashi ya kuoshea jiwe, na Bogna akasema ndiyo, alete na majani ya msonobari.

Siku ya pili waliosha kaburi pamoja. Waliweka maua, wakaweka taa, na Bogna akampa kaka yake kiberiti aiwashe kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Majirani walipita wakasifu ile taa. Mwanamke mmoja wa dukani alisema kama kawaida kwamba ni afadhali hakuteseka. Bogna alimtazama, akamwitikia kwamba taa hiyo ameitengeneza kaka yake, halafu akainama kuokota majani makavu. Tangu siku hiyo hakulitumia lile neno tena, na watu wakadhani amepoa.

Bamba liko ndani ya kabati la vyombo, chini ya vitambaa vya meza vya Krismasi. Irek aliliona mara moja alipotumwa kutoa kitambaa, akalifunika tena. Hawajawahi kulizungumzia. Nguruwe Mwitu walifanya mashindano yao bila yeye, wakampa mshindi kombe lenye jina la Gerard, na jina la Yaya limekufa lenyewe, hakuna aliye na hamu nalo.

Jumapili bado anakula kwa dada yake. Mchuzi wa kuku ni ule ule. Lakini hawezi kugonga mlango ule, hata kwa kidole kimoja, kwa hiyo husimama ngazini na kuita jina lake, Bogna, katika mvua au theluji, kofia mkononi. Anasikia kutoka nje maji ya bombani yakifungwa, ndivyo anavyojua kwamba amemsikia mara ya kwanza. Kisha kimya. Hamwiti tena. Anasimama hapo dakika mbili, labda tatu, mpaka Bogna aje kufungua.